Ubao wa Dirisha Umeachia Kona: Soma Kasoro Kabla ya Kununua Puti

Masika yakishapita, maswali ya madirisha huwa yaleyale, yawe yametoka Sakina au Njiro hapa Arusha, au Pasua kule Moshi. Mtu ameng'oa ubao wa zamani unaofunika maungio ya fremu na plasta, ameweka mpya kwa mikono yake, amepaka rangi, pamependeza. Baada ya miezi michache kona zimeachia, kuna doa chini ya dirisha, shata limegoma kufunga. Hapo watu wengi hukimbilia dukani: kopo la puti, tyubu ya silikoni. Msimu unaofuata mwanya unarudi palepale, safari hii ukiwa na puti iliyomeguka ndani yake.

Kabla ya kujaza chochote, angalia mwanya uko upande gani, una umbo gani, na ulitokea msimu gani. Mambo hayo matatu yanatosha kukuonyesha chanzo cha kasoro nyingi zilizopo hapa chini. Nimezipanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachojirudia zaidi.

Kona zimeachia

Hili ndilo lalamiko namba moja, kwa hiyo tulipe nafasi. Chukua tochi na kipande cha karatasi ngumu, kama vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Ipitishe kwenye kona iliyokatwa nyuzi 45 uone inaingia wapi na inagoma wapi.

Ikiwa vocha inaingia upande wa ndani, ule ulio karibu na kioo, huku ncha za nje bado zimegusana, ubao wako uliwekwa ukiwa mbichi. Mbao husinyaa kwa upana; kwa urefu hazibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Upana ukipungua na urefu ukabaki, mkato uliokuwa nyuzi 45 unakuwa mkali zaidi, na kona inafunguka kuanzia ndani. Ulikata vizuri kabisa, mbao ndiyo iliyohama baadaye. Paini na saiprasi zinazotoka mashamba ya miti ya Meru-Usa na West Kilimanjaro mara nyingi utazikuta yadini zikiwa bado na maji. Ukizipasua, unga wa msumeno unang'ang'ania kwenye meno na ukiuminya kiganjani unabaki donge. Mbao kavu hutoa unga unaopeperuka.

Kipimo cha uhakika hakihitaji mashine. Kata kipande chenye urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito kwa penseli kwenye kipande chenyewe, kisha kiweke ndani ya nyumba penye hewa. Pima tena baada ya siku kadhaa, na uendelee hivyo. Uzito ukiacha kushuka, kipande kimelingana na hewa ya nyumba yako, na wenzake waliopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite nao wanakaribia. Ubao wa inchi moja unaweza kuchukua miezi. Anayekuambia wiki moja juani inatosha anakuuzia ufa, maana jua kali hukausha ngozi ya ubao huku ndani kukiwa bado na maji.

Tiba ya kona iliyokwisha kuachia kwa namna hii ni kusubiri ubao umalize kusinyaa, walau upite msimu mmoja wa ukavu. Kisha mwanya mwembamba unaweza kuzibwa kwa kijiti kilichochongwa kutoka mbao hiyohiyo, kikapakwa gundi nyeupe ya mbao na kusawazishwa kwa msasa. Mwanya unaozidi milimita tatu hivi, ng'oa mbao hizo mbili ukate upya.

Vocha ikiingia upande wa nje na kugoma ndani, mambo yamegeuka: ubao umevimba. Uliwekwa Januari au Februari ukiwa mkavu sana, kisha Aprili ikaja na mvua zake. Au mgongo wake haukupakwa rangi, ukawa unanyonya unyevu wa ukutani. Au kuna maji yanayopita nyuma yake, na hapo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya doa la maji, kwa sababu kurekebisha kona kabla ya kuziba maji ni kazi ya bure.

Mara nyingine mwanya unaonekana usoni tu, nyuma mbao zimegusana. Weka rula ilale juu ya fremu na plasta kwa pamoja. Ikiinuka, plasta imezidi fremu, na ubao umekaa kwa kuegama. Itoe plasta iliyozidi kwa tindo, lakini ndani ya eneo litakalofunikwa tu, au chimba mgongo wa ubao kwa randa uwe na bonde dogo. Ikiwa fremu ndiyo iliyozidi, weka kabari nyembamba kati ya ubao na ukuta. Kupigilia misumari zaidi ili kuulazimisha ulale kunavuta kona na kuzifungua zaidi.

Chanzo cha mwisho: mwanya uliokuwapo tangu siku ubao ulipowekwa. Ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho, ubao ulikatwa mfupi; ukiwa umetanuka upande mmoja, huenda dirisha lenyewe halina kona za nyuzi 90. Pima mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ule mwingine. Vikitofautiana kwa sentimita nzima, hakuna mkato wa nyuzi 45 utakaofunga kona zote nne. Chukua vipande viwili vya mabaki vyenye upana uleule, vilaze kwenye kona vikipishana, chora pale kingo zinapokutana ndani na nje, unganisha alama hizo mbili. Huo ndio mkato wa kona hiyo. Kila kona na wake.

Kwa nyumba za zamani, na Moshi mjini zipo nyingi ambazo hazina ukuta hata mmoja ulionyooka kwa timazi, mimi sihangaiki na nyuzi 45. Ubao wa juu nauacha mzima, unapita na kukalia vichwa vya mbao za pembeni, zote zikikatwa mraba. Ubao ukisinyaa hapo, kona hailii. Wapo wanaosema ni mtindo wa kizamani. Sawa, na nyumba ni ya kizamani.

Ubao umepasuka au umejikunja

Ufa unaoanzia kwenye msumari karibu na ncha una maelezo mafupi: msumari mnene, hakuna tundu lililotangulia. Toboa kwanza kwa drili, tundu jembamba kidogo kuliko msumari, na ukae umbali wa inchi mbili kutoka ncha. Kama huna drili, geuza msumari, igonge ncha yake kwa nyundo mpaka ibutuke. Ncha butu hupondaponda nyuzi za mbao badala ya kuzitenganisha. Ubao wa milimita 20 unatosheka na msumari wa inchi mbili kwenye fremu. Upande wa ukutani usitumie msumari wa mbao, utapinda kwenye tofali. Weka plagi ya plastiki na skrubu.

Kujikunja kama mfereji kunatokana na namna ubao ulivyogeuzwa. Tazama kichwa cha ubao, utaona pete za ukuaji zimekaa kama upinde. Ubao ukikauka, pete hizo hutaka kunyooka, na upande uliokuwa karibu na gome unabonyea. Kwa hiyo migongo ya pinde ielekee ukutani. Hata ubao ukijikunja, kingo zake zitazidi kubana plasta na katikati ndiko kutakakovimba kidogo, jambo ambalo jicho halilioni kwa urahisi. Ukigeuza kinyume, kingo zinanyanyuka na vumbi la kiangazi linapata njia.

Ukikuta duara jeusi kila penye kichwa cha msumari, huo ni msumari wa chuma kitupu uliokutana na unyevu kwenye mbao yenye tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye baadhi ya miti. Tumia misumari iliyopakwa zinki, hasa upande wa nje.

Doa la maji chini ya dirisha

Tofautisha kwanza mambo mawili. Doa linalokuja na mvua na kukauka baada yake linatoka nje. Doa linalokaa mwaka mzima, hata Februari, lina chanzo kingine: bomba lililomo ukutani, au unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao huacha mstari uliolala na chumvi nyeupe kuanzia chini ya ukuta. Hilo la pili halihusiani na ubao wako. Acha dirisha, mwite fundi bomba au fundi ujenzi.

Kama ni la mvua, jaribu kwa bomba la maji la bustani siku kavu, mtu mmoja nje na mwingine ndani na tochi. Anza chini. Mwagia kizingiti peke yake kwa dakika kumi au kumi na tano, kwa maji ya kutiririka tu, usiyapige kwa nguvu. Kama ndani ni pakavu, panda kwenye maungio ya pembeni, ngoja tena, mwisho kabisa ubao wa juu na plasta iliyo juu yake. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Watu hulikosa jambo hili kuliko yote. Wanalowesha dirisha zima mara moja kisha wanabaki kubishana.

Kizingiti ndicho kinachoongoza. Kinatakiwa kuelekea nje kwa mteremko, milimita 10 kwa kila 100 ni kiasi kizuri, na chini ya ukingo wake wa nje kuwe na mfereji mwembamba unaolazimisha tone la maji lianguke. Bila mfereji huo maji hufuata tumbo la kizingiti mpaka ukutani. Wanaobadilisha ubao wa nje mara nyingi huuziba kwa plasta au rangi nzito bila kujua kazi yake. Pitisha kidole chini ya ukingo. Ukisikia pamesawazika, umempata mhalifu. Ukwangue ufunguke, au kama haukuwahi kuwapo, chora mwingine kwa msumeno.

Baada ya kizingiti, angalia mwanya kati ya fremu na ukuta, ule ambao ubao unaufunika. Ubao peke yake hauzuii maji, unafunika tu. Mwanya unajazwa mota au povu la kujazia kabla ubao haujarudi, kisha mstari wa nje unazibwa kwa kizibo cha akriliki kinachokubali rangi. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, na kuiondoa baadaye kwenye mbao ni adhabu. Jambo moja zaidi: mstari wa chini kabisa, chini ya kizingiti, usiuzibe wote. Maji yakishaingia yanahitaji pa kutokea.

Chanzo cha nadra kidogo ni kule juu. Bati lililotoboka au mfereji wa paa uliojaa majani unaweza kushusha maji ndani ya ukuta yakajitokeza kwenye linta, ile boriti iliyo juu ya dirisha, mahali ambapo wewe unaona dirisha linavuja. Kwa wanaoishi upande wa milimani, Kibosho au Marangu, ambako mvua ni nyingi kuliko mjini Moshi, panda uangalie paa kabla ya kulaumu fremu.

Simama hapa: ukichoma fremu kwa bisibisi na ikazama kama kwenye ndizi mbivu, mbao imeoza. Ubao mpya hauna pa kushikia, na fremu yote inataka kubadilishwa. Kwenye nyumba nyingi za huku fremu imefungwa kwa misumari au vyuma bapa vilivyozama kwenye zege, na nondo za usalama zimepita ndani ya mbao yake. Kuing'oa kunabomoa ukuta na kuiacha nyumba wazi usiku. Mpe kazi hiyo fundi seremala pamoja na fundi wa kuchomelea, na mpatane ikamilike kabla ya giza.

Shata linabana baada ya kubadilisha ubao

Kabla hujagusa randa, uliza mwezi. Shata lililoanza kubana Aprili limevimba tu kwa unyevu. Ukilipunguza wakati huo, Januari litakuwa na mwanya wa kupitisha mbu na upepo. Arusha hata Juni na Julai si wakati mzuri wa kuamua, kwa mawingu na manyunyu yale ya baridi. Subiri Septemba.

Ikiwa lilianza kubana siku ileile ya kazi, chanzo ni mikono. Huenda ubao umesogea ndani ukaingia njia ya shata. Unatakiwa kurudi nyuma, uache milimita tano hivi za fremu zikionekana pande zote, na mstari huo mwembamba pia unaficha ukorofi wa fremu isiyonyooka. Huenda kabari uliyogonga nyuma imesukuma fremu ikapinda. Funga shata likiwa limebana kipande cha gazeti, kisha kivute, na urudie pande zote: palipogoma ndipo penye tatizo. Legeza skrubu za eneo hilo uone kama linajirudi. La tatu ni bawaba iliyolegea, ambayo dawa yake ni kuziba tundu la zamani kwa kijiti chenye gundi na kupiga skrubu upya. Rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka kwenye ukingo wa shata ni la mwisho, ila kwenye nyumba zilizopakwa kila Krismasi huwa ndilo la kwanza.

Unga, matundu, au mbao inayolia tupu

Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi. Mlio mtupu pamoja na njia za udongo ukutani au nyuma ya ubao ni mchwa. Matundu madogo ya mviringo yenye unga laini chini yake, bila udongo wowote, ni bungua. Tofauti hii ina maana kubwa. Bungua mara nyingi waliingia na mbao yenyewe, na kubadilisha ubao huo mmoja kunaweza kumaliza kazi. Mchwa wanatoka ardhini, na ubao mpya kwao ni chakula kipya.

Kwa hiyo fuata njia ya udongo hadi inakoanzia kabla ya kununua mbao. Vunja kipande kidogo na urudi kesho yake: kikiwa kimejengwa upya, wapo kazini. Kuwaondoa kwenye dirisha huku kiota kikiwa hai chini ya sakafu hakusaidii. Ukikuta njia hizo zimefika kwenye kenchi za paa, au kwenye madirisha zaidi ya moja, ita watu wa kupulizia dawa wenye kibali, na usichanganye sumu mwenyewe ndani ya nyumba yenye watoto.

Mbao iliyotiwa dawa kiwandani, yenye ukijani, inafaa sana kwa nje. Vaa kinyago unapoikata, na mabaki yake yasiende jikoni wala kwenye jiko la nyama. Kila unapokata unafungua moyo usio na dawa, kwa hiyo ncha zote zipakwe dawa ya mbao kabla ya kupigiliwa.

Plasta imemeguka au imepata nyufa pembeni

Kumeguka wakati wa kung'oa ni jambo la kawaida na lina kinga rahisi. Kata kwanza mstari wa rangi kati ya ubao na ukuta kwa kisu kikali, kisha ingiza tindo pana upande wa fremu, ukiegemeza kwenye kibao ili nguvu isiende kwenye plasta. Anza penye msumari, sogea polepole.

Ufa mwembamba kama unywele unaofuata ukingo wa ubao ni plasta mpya iliyokauka upesi. Ijaze, paka rangi, endelea na maisha. Lakini ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari, ukipita kwenye tofali, ni habari nyingine. Chora mstari wa penseli kwenye mwisho wake, andika tarehe. Kwenye tambarare zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, nyufa hizi hufunguka na kufunga kwa msimu. Ufa ukivuka mstari wako, au ukiweza kuingiza sarafu, au linta ikionekana kushuka katikati, acha kazi ya ubao kabisa na umwite mhandisi wa majengo.

Na ukitoboa ukuta karibu na swichi au soketi, kumbuka nyaya nyingi zimelala kwenye plasta zikipanda wima kutoka kwenye kisanduku. Zima swichi kuu. Drili ikigusa bomba la plastiki la nyaya, usiwashe tena mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aangalie.

Rangi inabanduka

Ikitoka kama ganda na chini yake mbao ina unyevu, rudi kwenye kona na doa la maji. Jibu liko huko. Ikibanduka kwenye vifundo tu, ni utomvu wa paini, na vifundo vinahitaji kupakwa vanishi ya shelaki kabla ya praima. Rangi iliyopakwa ubao ukiwa juani saa saba mchana hukauka usoni na kufanya malengelenge. Fuata kivuli, upande wa mashariki mchana, wa magharibi asubuhi.

Rangi ya zamani kwenye nyumba kongwe inaweza kuwa na risasi. Usiikwangue kikavu wala kuichoma kwa moto. Lowesha, piga msasa wa maji, kusanya uchafu kwenye turubai, na watoto na mama mjamzito wawe mbali mpaka pasafishwe kwa kitambaa chenye maji.

Halafu kuna oili chafu. Bado inapakwa kwenye migongo ya mbao kama kinga ya mchwa, kwa sababu gereji wanaitoa bure au kwa bei ya soda. Baada ya miezi inapenya hadi usoni, rangi inafanya mabaka ya kahawia na kuteleza kama imepakwa juu ya samli. Praima haishiki hapo, msasa unaziba, na tina inaisukuma ndani zaidi. Ubao ulioshiba oili ung'oe, funika plasta iliyopata mafuta kwa praima ya kuzuia madoa, na uweke ubao mwingine mkavu, uliopakwa praima pande zote nne na kwenye ncha kabla ya kupanda ukutani.